Ukingo wa Utando

Profesa aliinama kwenye hadubini, akakaa pale muda mrefu kuliko kawaida yake, kisha akainuka na kusema neno moja tu: "Safi."

Halikuwa neno kubwa. Lakini Mama Utando, aliyekuwa amesimama nyuma akijifanya anapanga visahani vya kioo, alilisikia kama mtu anayesikia jina lake likiitwa, halafu akainuka mtu mwingine. Kwa miaka yote aliyofanya kazi katika maabara ile, neno hilo lilikuwa lake. Leo lilikwenda kwa wifi yake.

"Asante, Profesa," wifi alisema, mikono ameikunja nyuma kama mtoto wa shule. "Aliyenifundisha ni wifi."

Hapo ndipo roho ilipomuuma zaidi. Wifi angejivuna kidogo, angalau Mama Utando angepata cha kumsema.

Jina la Mama Utando alipewa na wenzake kwa sababu ya kazi ya mikono yake. Maabara ilikuwa ikichunguza seli za kinga, wale askari wanaozunguka mwilini kutafuta vijidudu. Zamani wataalamu waliamini kwamba ubongo umefungiwa kabisa, kuta za mishipa yake zimebana, askari hapiti. Baadaye ikaonekana kwamba ni kweli ndani hawaingii ovyo, lakini mlangoni wapo, kwenye utando unaoufunika ubongo chini ya fuvu. Profesa alitaka kujua wako wangapi, wamesimama wapi, na wanabadilika vipi mwili unapozeeka. Ili kuwahesabu, ilibidi mtu abandue utando wa panya kutoka ndani ya mfupa wa kichwa bila kuuchana. Utando wenyewe ni mwembamba kama ile ngozi iliyo ndani ya ganda la yai, na mfupa unaotoka nao ni mdogo kama ukucha wa kidole gumba.

Wengi walijaribu wakauchana. Yeye aliweza. Alikuwa akiinama pale mezani na kibano chenye ncha kama sindano, anavuta pumzi, anasema kimoyomoyo, "Bwana, ishike mikono yangu," na utando unatoka mzima. Ukiuweka juu ya kioo unalala bapa kama shuka lililopigwa pasi.

Wifi alikuwa mke wa mdogo wake. Kabla ya hapo alikuwa fundi cherehani, akashona sare na mapazia hadi alipoamua, akiwa mtu mzima mwenye watoto, kurudi darasani jioni kusomea ufundi wa maabara. Alipopata cheti, yule mdogo wake alikuja kumbembeleza: "Dada, mshike mkono mwenzio. Hata kufua makoti." Na Mama Utando alimshika mkono. Alimpeleka kwa Profesa mwenyewe, akamsifia. Wakati ule aliona raha. Mtu anayeomba msaada hatishi.

Wiki za kwanza zilikuwa nzuri. Walicheka sana.

"Wifi, usinibane," wifi alikuwa akisema mkasi ukimtetemeka. "Ukinitisha nitamwambia Profesa ulivyokuwa ukiramba sukari utotoni."

"Nani kakwambia uongo huo?"

"Mama."

"Mama naye kazeeka, anachanganya watoto. Aliyeramba ni mumeo. Shika kibano, acha maneno."

Kisha ikafika siku wifi alipobandua utando mzima bila msaada, mapema kuliko ilivyokuwa kwa Mama Utando mwenyewe enzi zake. Macho, kijana wa hadubini kubwa ambaye hakuna aliyemwita kwa jina jingine, alipiga mluzi. "Mama Utando, huyu ulimficha wapi? Kwenye friji?" Wote wakacheka. Mama Utando naye alicheka, lakini ndani kilianza kumkaa kijiba cha roho.

Siku hiyo ilikuwa imebaki hatua moja tu ya kumfundisha. Ukingo wa nyuma wa utando, pale mishipa mikubwa ya damu inapokutana, ni mnene. Haulali bapa kwenye kioo, unakunjamana, na picha inatoka na ukungu. Kwa hiyo Mama Utando alikuwa na desturi yake: akishabandua, anaukata ukingo ule kwa mkasi mdogo na kuutupa. Hakufundishwa na mtu. Aliigundua mwenyewe akiwa mgeni, picha zake zikawa safi kuliko za wote, na hakuna aliyeuliza. Macho alidhani kipande hicho huharibika wakati wa kukata mfupa.

"Hapo ndiyo mwisho?" wifi aliuliza siku ile.

"Ndiyo mwisho," Mama Utando alijibu. "Weka kwenye kioo."

Hakuona kuwa ni uongo. Alijiambia atamwonyesha kesho, na kesho ilipofika akajiambia akomae kwanza. Ukweli ni kwamba alitaka picha za wifi zikunjamane.

Na zilikunjamana, kwa siku chache. Halafu wifi alikaa na kioo chake mbele yake, akakigeuza huku na huku, akasema, "Mbona hii ni kola tu?" Kola ya shati, alieleza, nayo hukataa kulala kwa sababu ina mviringo, na fundi huitoboatoboa vijipengo pembeni ili kitambaa kipate pa kuachia. Akachukua mkasi, akakata vijipengo vidogo vidogo kwenye ukingo mnene, na ukingo ukalala. Ukalala wote, hakuna kilichotupwa.

Kioo hicho ndicho Profesa alichokiinamia na kusema "Safi."

Macho alipokiweka kwenye hadubini kubwa, ambako seli za kinga zimepakwa rangi ya kijani inayong'aa na kuta za mishipa rangi nyekundu, ukingo wote wa nyuma uliwaka kijani kwenye skrini. Katika vioo vya Mama Utando, vya miaka yote, kijani kilikuwa cha kuhesabika, kimoja hapa, kingine kule. Hapa kilikuwa kimejazana kama watu kituoni.

"Sijawahi kuona hivi," Profesa alisema, na sauti yake ikawa ya mtu aliyepungua umri. Akamwomba wifi aandae vingine. Vingine vikatoka vilevile.

Mambo haya yote yangevumilika kama si nafasi ile. Profesa alikuwa anafungua chumba cha pili, na alihitaji msimamizi wa kazi ya utando, mtu atakayepokea mafundi wapya na kuwafunza. Nafasi hiyo Mama Utando alikuwa ameiombea tangu ilipokuwa fununu. Aliiombea asubuhi akifunga mlango, akaiombea jioni akivua viatu. Alishajiona ndani ya chumba kile, na wageni wakiambiwa, "Muulizeni yeye." Sasa watu walikuwa wakimuuliza wifi.

Nyumbani kwa mdogo wake, ambako mama yao aliishi, hali ilikuwa hiyohiyo. Akipiga simu kumjulia hali mama, mama anajibu, "Mimi mzima, mwanangu. Wifi yako kanipa dawa zangu, kanifunika miguu. Mungu ambariki." Mama Utando anasema amina, kisha anakata simu.

Akaanza kusali sala ngeni. "Bwana, udhihirishe ukweli juu ya zile picha." Ilisikika vizuri. Mtu angedhani anatetea elimu.

Alhamisi alibisha mlango wa Profesa.

"Sipendi kumsema ndugu yangu," alianza, na alijua kabisa kwamba anapenda. "Lakini ule ukingo wa nyuma una mishipa mikubwa, na damu huganda humo. Nina wasiwasi tunahesabu seli za damu, tunasema ni za utando."

Profesa alivua miwani. "Tunaosha mishipa kwa maji ya chumvi kabla."

"Mishipa midogo inasafika. Ile mikubwa, sijui."

Lilikuwa swali halali, na hilo ndilo lililolifanya liwe na sumu. Profesa alitazama kalenda ukutani. "Kama una wasiwasi wewe, basi nami ninao. Picha zake tuziweke kando. Ripoti ya utafiti huu inadaiwa wiki ijayo, nitaipeleka na hesabu zako za zamani. Jumatatu tutakaa wote, na suala la msimamizi tutalimaliza hapohapo." Akaongeza, kwa upole, "Nadhani unajua ninaelekea wapi."

Mama Utando alitoka akitembea kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa, asije akamwaga furaha mbele za watu.

Ijumaa aliamua kulikamilisha jambo. Akibanwa Jumatatu, awe na ushahidi wa damu iliyoganda. Alibandua utando kama kawaida, akaukata ukingo wa nyuma kama kawaida, ila safari hii hakuutupa. Aliupaka rangi, akauweka kwenye kioo. Ukakataa kulala. Alipepesa macho kuhakikisha hakuna anayemwona, akachukua mkasi, akakata vijipengo vya kola. Ukalala.

Macho alikuwa ameenda kula. Mama Utando aliketi peke yake mbele ya hadubini kubwa, akatafuta ule mshipa mkubwa, bomba jekundu lililopita katikati ya skrini. Ndani ya bomba kulikuwa kutupu. Hakukuwa na damu wala kijani. Maji ya chumvi yalikuwa yamefanya kazi yake vizuri.

Kijani kilikuwa nje ya ukuta. Walikuwa wamejipanga ubavuni mwa mshipa, wengi mno, wengine wameunyooshea ukuta vidole vyao vyembamba kama walinzi wanaopapasa mzigo kabla haujapita getini. Hawakuwa wamekuja na damu. Pale ndipo makao yao. Miaka yote alikuwa akiwakata wote na kuwatupa kwenye ndoo ya taka, halafu anamletea Profesa kile kilichobaki, na Profesa anahesabu na kuandika kwamba ni wachache.

Alizima skrini. Kioo akakitia mfukoni mwa koti. Cha ajabu, wazo la kwanza lililomjia halikuwa juu ya kazi wala juu ya miaka. Lilikuwa hili: kama ningemfundisha, naye angekata. Wivu wake ndio uliompa wifi kila kitu.

Wazo la pili lilikuwa kwamba hakuna mwingine aliyeona.

Jumapili, baada ya ibada, alikwenda kumwona mama. Wifi alikuwa jikoni anaosha vyombo, macho yamevimba. Profesa alikuwa ameshamwambia kwamba picha zake zimewekwa kando.

"Karibu, wifi," alisema bila kugeuka. "Kiti hicho kimelowa, kaa kile kingine."

"Unalia sabuni au unalia kweli?"

"Yote mawili." Wifi alicheka kidogo, kisha akaacha. "Nimekuaibisha. Umeniingiza kazini kwa jina lako, mimi naenda kuhesabu damu. Nimewaza nirudi kwenye cherehani. Nguo ikiharibika unafumua. Kule hujui hata ulipokosea."

Mama Utando alichukua kitambaa, akaanza kufuta sahani. Aliifuta ileile hadi ikalia. Maneno yalikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi. Alichohitaji ni kufungua mdomo.

"Usivunjike moyo," alisema. "Kazi ni nyingi duniani."

Alijisikia akisema hivyo, akajichukia, na bado hakuyarudisha maneno. Mama aliwaita sebuleni wasali kabla mgeni hajaondoka. Akawashika wote wawili mikono, akawaombea, "Wawe kitu kimoja, Bwana, wasifichane." Mama hakujua lolote. Alikuwa akiomba maneno hayo kila Jumapili. Lakini mkono wa Mama Utando ulilowa jasho ndani ya kiganja cha mzee, na alipofika kwake alijaribu kusali akashindwa. Kila sala aliyoianza ilikuwa na jina la wifi ndani yake, na hakujua anataka liende wapi.

Asubuhi ya Jumatatu walikusanyika mbele ya skrini: Profesa, Macho, wifi aliyekaa karibu na mlango kama mtu anayengoja gari, na Mama Utando.

"Nitakuwa mfupi," Profesa alisema. "Kuhusu picha za ukingo—"

"Profesa, samahani." Mama Utando alisimama. Alitoa kioo mfukoni. "Macho, niwekee hiki kwanza."

"Hiki cha nani?"

"Weka tu."

Macho alikiweka. Skrini ikawaka. Bomba jekundu, tupu ndani, na lile jeshi la kijani nje. Wifi aliinuka polepole kutoka mlangoni, akaja karibu, akanyoosha kidole bila kugusa.

"Hapa pamekatwa," alisema. "Huku pana vijipengo, lakini huku pamekatwa moja kwa moja. Utando wenyewe uko wapi? Hiki ni ukingo peke yake."

"Utando uko mezani kwangu."

"Kwa hiyo hiki ni chako."

"Changu."

"Na huwa unaukata hivi?"

"Siku zote. Nilidhani ni uchafu."

Wifi alimgeukia. Uso wake haukuwa na hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulitazama. "Mimi nilikuuliza, wifi. Nilikuuliza kama hapo ndiyo mwisho. Ukasema ndiyo."

"Nilisema."

"Ulisahau?"

Hapo palikuwa na mlango mwingine, umefunguliwa kwa wema kabisa, na Mama Utando angeweza kupita. Aliutazama. Akavuta pumzi kama anayeingiza kibano chini ya mfupa.

"Sikusahau. Nilitaka kazi yako iwe mbaya kuliko yangu."

Macho alitazama viatu vyake. Profesa alivua miwani, akaivaa tena, kisha akamgeukia Macho na kumwambia alete vioo vyote vya zamani, kwa kuwa ripoti haiendi popote. Sauti yake ilikuwa ya kazi, haikuwa na ukali. Ukali ulikuja baadaye, ofisini, na ulikuwa mfupi.

"Makosa ya mkasi ningeyabeba," Profesa alisema. "Hata mimi sikuuliza ukingo unakwenda wapi, na nilipaswa kuuliza. Lakini msimamizi kazi yake ya kwanza ni kufundisha. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Nafasi nampa yeye. Wewe utabaki pale mezani. Sina mkono mwingine kama wako, na sitaki uondoke."

Mama Utando alisema asante, akaenda chumba cha kubadilishia nguo, akaketi kwenye benchi kati ya makoti meupe yaliyoning'inia. Alingoja kujisikia mwepesi, maana aliwahi kuambiwa kwamba ukweli ukishatoka moyo huwa mwepesi. Moyo haukuwa mwepesi. Ulikuwa bado unauma palepale. Alimwona wifi ndani ya kile chumba kipya, na roho ikamchoma kama siku ya kwanza.

"Bwana," alisema, safari hii kwa sauti, kwa kuwa hakuwapo mtu, "nilikuwa nikikuomba umshushe. Nilikuzungushia maneno, lakini najua ulisikia. Bado namwonea wivu. Siwezi kukudanganya tena, nimechoka. Nipe tu la kufanya nao."

Wifi hakumsemesha siku kadhaa, ila salamu. Kisha siku moja alipita mezani kwake na kuacha mkasi mpya mdogo, wenye ncha iliyopinda. "Huu ni mzuri kwa vijipengo," alisema. "Ule wako unatafuna."

"Wewe ndiye unayetafuna. Wangu mkali."

"Haya, tutaona," wifi alisema, na mdomo ukamchezacheza upande mmoja.

Mafundi wapya walipofika, walikuwa watatu. Wifi aliwapokea, akawapa makoti, akawaeleza juu ya seli za kinga na mlango wa ubongo kwa maneno yake mwenyewe, akataja kola ya shati, wakacheka. Mama Utando alisikia kicheko kile kutoka mezani kwake na akabana meno. Kisha wifi akamletea mmoja wao, binti mwenye vidole virefu.

"Kubandua utajifunza kwa wifi yangu," alimwambia.

Binti aliketi. Mama Utando alimwonyesha mara moja, akampa kibano. Mkono wa binti haukutetemeka. Uliingia chini ya mfupa kama ulishawahi kufika, na utando ukaanza kuachia, taratibu, bila kasoro, katika jaribio la kwanza. Ule moto ukapanda tena kifuani mwa Mama Utando, uleule, anaufahamu sasa hata harufu yake.

Binti alisita karibu na mfupa wa sikio, pale utando unaposhikana zaidi. Akainua macho. "Hapa nafanyaje? Navuta tu?"

Angevuta, ungechanika. Mama Utando alilijua hilo kama anavyojijua.

"Usivute," alisema, akasogeza kiti chake karibu hadi mabega yao yakagusana. "Inamisha mfupa kwenye mwanga. Zaidi. Umeona kale kauzi keupe? Hako ndiko kanakoshikilia. Sasa lete mkono, nikuonyeshe."